Jangwani na Msimbazi

Mpira wa miguu ulipoingia pwani ya Afrika Mashariki haukuwakuta watu wasiojua kushindana. Ulipowasili Unguja katika zama za mwisho za karne ya kumi na tisa, wakafundishwa wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, na ulipovuka bahari ukaenea Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam, uliwakuta waungwana na watwana ambao tangu mababu zao walikuwa wamezoea kugawanyika makundi mawili mawili kwa kila jambo lenye fahari: mtaa huu na mtaa ule, chama hiki cha lelemama na kile, malenga wa upande mmoja na malenga wa upande wa pili wakijibizana usiku kucha mbele ya kadamnasi mpaka mmoja akose la kujibu. Katika ngoma ya beni, iliyovuma pwani nzima tangu miaka ya 1890 na kupita Vita Kuu ya kwanza, wafuasi wa vyama vya Marini na Arinoti walitumia fedha nyingi kuliko walizokuwa nazo kwa ajili ya sare, vyeo na matarumbeta. Na hawakufanya hivyo kwa sababu ya chuki, bali kwa kuwa fahari haionekani ila awepo mtu wa kuionea wivu.

Fauka ya hayo, ilikuwako ada kongwe kuliko beni, nayo ni utani. Wanyamwezi, waliokuwa wakiteremka na misafara ya pembe mpaka Bagamoyo, walikuwa watani wa Wazaramo na wa makabila mengine ya njiani. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ile ile, walipochoka kuuana walitaniana. Mtani aliweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kukukamatia kuku wako mchana kweupe na kukuita mtumwa wake, nawe hukuwa na ruhusa ya kununa. Na siku ulipofikwa na msiba, alikuja yeye wa kwanza, akauigiza mwendo wa marehemu mpaka waliokuwa wakilia wakacheka, akaizuia njia ya makaburini hadi apewe chochote, kisha akashika jembe akachimba. Aliyeukasirikia utani alihesabiwa kuwa mtu asiyelelewa. Simba na Yanga, timu mbili za mpira za Dar es Salaam, nazo ni watani wa jadi, na taarikhi yao haifahamiki kwa kanuni za Glasgow, ambako dini iliingizwa uwanjani, wala za Argentina, ambako mwaka 2013 serikali iliona heri kuwazuia mashabiki wa timu ngeni wasikanyage viwanja vya wenyeji. Huifahamu vema mtu aliyewahi kuchimbiwa kaburi la babake na mtani.

Katika miaka ya 1930 Dar es Salaam ilikuwa ya Waingereza kwa amri na ya Wahindi kwa biashara, na Mwafrika, aliyekuwa mwingi kuliko wote, alikuwa na Kariakoo yake na vijia vya mchanga vilivyoizunguka. Makuli wa bandarini, makarani, madobi, wapishi wa nyumba za Wazungu na vijana wasio na kazi maalumu walikusanyika jioni Jangwani na Mnazi Mmoja, wakacheza mpaka giza likawanyima kuuona mpira. Katika mkusanyiko wa namna hiyo ndimo ilimozaliwa, mwaka 1935, timu ya Young Africans, ambayo watu waliona tabu kulitamka jina lake lote wakaliita Yanga. Haukupita muda ila wana wa nyumba moja wakagombana, na mwaka 1936 baadhi yao wakatoka, wakaanzisha timu yao, ndiyo Simba ya leo, nayo baada ya kupita katika majina mengine ikatulia kwa jina la Sunderland, jina la mji wa kaskazini ya Uingereza ambao timu yake ilikuwa na sifa kubwa katika miaka ile, ikachukua ubingwa wa nchi yao mwaka huo huo wa 1936.

Sababu ya kutoka husimuliwa kwa namna mbili, kwa kadiri ya baraza uliyokaa. Ukikaa Jangwani, kwa watu wa Yanga, utaambiwa kuwa walioondoka walikuwa watu wa haraka, waliokimbia nyumba kwa kukosa walichokitaka, na kwamba mtoto aliyekimbia nyumba hata akitajirika huwa ni mtoto tu. Ukikaa Msimbazi, kwa watu wa Simba, utaambiwa kuwa walioondoka ndio waliokuwa na mpira miguuni, na waliobaki walibaki kwa kukosa pa kwenda. Riwaya zote mbili zimekwisha kurithishwa kwa wajukuu, na mimi sioni faida ya kuzipatanisha, maana ugomvi wenyewe wakubali wote kuwa ulikuwa wa ndani ya nyumba moja. Na hili ndilo la kushika katika habari yote inayofuata, kwamba timu hizi hazikugawanywa na kabila, wala dini, wala tabaka, na mtu akitaka kujua kwa nini fulani ni Simba na nduguye tumbo moja ni Yanga, hatapata jibu zaidi ya kuambiwa kuwa mmoja alipelekwa uwanjani na mjomba na wa pili alipelekwa na baba.

Nyumba za klabu zikawa mahali pa kukutania watu, pa kuzikana, pa kuchangiana harusi, na katika miaka ya 1950, siasa ya TANU ilipowaka mjini, pa kusikia habari zisizotangazwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 na Uwanja wa Taifa kufunguliwa, ushindani uliokuwa wa mtaa ukapata mahali pa kuonekana na nchi nzima. Na ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland wakachukua ubingwa wa kwanza na wa pili, jambo ambalo hadi leo ukilitaja mbele ya mzee wa Yanga atakuuliza kama umekwisha kunywa chai. Yanga walilipiza kwa kuchukua mara 5 mfululizo, tangu mwaka 1968 hadi 1972, na katika mwanzo wa enzi hiyo, tarehe 1 Juni 1968, waliwafunga watani wao mabao 5 kwa bila, Maulid Dilunga, Salehe Zimbwe na Kitwana Manara wakiwa miongoni mwa waliotia majina yao katika kumbukumbu ya siku ile. Hapo ndipo daftari la madeni lilipofunguliwa.

Mwaka 1971 Sunderland waliacha jina la ugenini wakaitwa Simba, na husimuliwa kuwa aliyewashauri ni Sheikh Abeid Amani Karume, Makamu wa kwanza wa Rais, ambaye jina lake hutajwa kwa heshima Jangwani pia, kwa kuwa wazee wa huko husema aliwasaidia kupata jengo lao. Jengo hilo liko katika makutano ya mtaa wa Twiga na Jangwani. La Simba liko mtaa wa Msimbazi. Na mtu mzima hutoka katika moja akafika katika lingine kwa miguu bila kutokwa jasho.

Tarehe 10 Agosti 1974 watani walipelekwa kukutana mbali na nyumbani, Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, kuamua ni nani bingwa wa taifa. Adam Sabu aliwafungia Simba mapema, na kwa sehemu kubwa ya mchezo ikawa dhahiri kuwa kombe litasafiri kwenda Msimbazi. Wenye nyimbo wakaanza kuimba. Zilipobaki dakika chache, Gibson Sembuli akasawazisha, ukaongezwa muda, na katika muda huo Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta kwa akili ya mguu wake, akafunga la pili. Walioisikiliza katika Redio Tanzania Dar es Salaam huisimulia kama watu walioiona kwa macho, na hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na redio katika miaka hiyo: mtangazaji kama Ahmed Jongo alipokuwa akiutangaza mpira, mvuvi wa Kigoma na mkulima wa Songea, ambao hawajapata kuiona Kariakoo, walikuwa tayari wamekwisha kuchagua mtaa. Mwaka huo huo Simba walifika nusu fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika, wakatolewa kwa penalti na Mehalla El Kubra wa Misri. Wanasimba huutaja mwaka 1974 kwa habari hii, na wanayanga kwa ile, na kila mmoja husema kweli.

Kisha Jangwani kukaingia fitina. Waliokuwa wakishangilia pamoja wakagawanyika makundi mawili, moja likaitwa Raizoni, kwa viatu vya kisigino kirefu vilivyokuwa fasheni ya vijana wa wakati ule, na la pili Kandambili, na mwaka 1976 waliotoka wakaanzisha timu ya Pan African, wakichukua pamoja nao baadhi ya wachezaji mahiri kabisa. Basi ile nyumba iliyozaa Simba kwa ugomvi ikazaa timu nyingine kwa ugomvi, na Pan African wakaja kuwa mabingwa wa nchi mwaka 1982. Walakini hasara ilionekana mapema zaidi. Tarehe 19 Julai 1977 Yanga, wakiwa wamepungua hivyo, waliingia uwanjani kukutana na Simba waliokuwa katika kilele cha nguvu zao, mabingwa wa miaka 5 mfululizo kuanzia 1976, na yaliyowapata hayajapata kuwapata tena: mabao 6 kwa bila. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, la kwanza mchezo ukiwa bado haujapashwa moto na la mwisho mchezo ukikaribia kwisha. Jumanne Hassan, aliyeitwa Masimenti, akafunga mawili. Na moja lilitiwa wavuni na beki wa Yanga mwenyewe, Selemani Sanga, kwa bahati mbaya. Ninaomba msomaji alishike bao hili la Sanga, kwa kuwa tutalihitaji.

Yaliyofuata baada ya siku ile yaeleza tabia ya utani huu kuliko mabao yenyewe. Watu wa Msimbazi waliokota jina la Kandambili wakawavika wote wa Jangwani, na mvua za masika zilipojaza bonde la mto Msimbazi na maji yakaingia hadi klabuni, wakawaita vyura. Wa Jangwani nao wakawaita wenzao Mikia. Haya huitwa mtu mzima, mwenye wake na wajukuu, akiwa amekaa barazani na kanzu yake safi, naye huitikia. Asubuhi baada ya mchezo mmoja niliwahi kumsikia mzee wa Yanga, katika kijiwe cha kahawa cha Magomeni, akiamkiwa na kijana wa jirani ambaye, maskini, alikuwa na haraka ya kupita.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Na kipa wenu, naye hajambo? Maana jana nilimwona anainama inama mle wavuni, nikadhani kapotelewa na funguo.”

Kijiwe kizima kilicheka, muuza kahawa akasimamisha dele lake hewani, na kijana, ambaye usoni alikuwa na maumivu ya dhahiri, akacheka pia; akavuta benchi, akakaa, akapewa kikombe na kipande cha kashata, na mzee akalipa. Angekasirika angekuwa amefungwa mara ya pili. Wapo wanaowekeana nadhiri nzito zaidi, atakayefungwa amsukume mwenzake katika mkokoteni mtaa mzima hali amevaa jezi ya timu asiyoipenda, na wapo waliooana mmoja Simba na mmoja Yanga, wakagombania rangi ya kumvisha mtoto kabla hajafanyiwa akika. Nawajua waliokaa siku mbili bila kusemezana chakulani. Sijui wa kuachana.

Kanuni moja ya utani huu huwashangaza wageni, nayo ni kwamba mtani haombewi dua njema mbele ya timu ya nje. Simba walipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, wakatoka suluhu ugenini na kufungwa 2 na Stella Abidjan nyumbani Dar es Salaam, na hata walipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo mwaka 2003, machozi ya Msimbazi na furaha yake havikupata mshirika Jangwani. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho: wakafungwa 2 kwa 1 na USM Alger nyumbani, wakashinda 1 kwa bila ugenini, wakalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini, na katika usiku ule wapo Waswahili wasiojua hata Algeria iko upande gani wa bara hili walioishangilia kama ndugu. Huja wageni kutoka Misri au Morocco wakapokewa uwanja wa ndege na umati uliovaa rangi zao, wakadhani wamependwa.

Kuhusu uganga sitaki kusema mengi, si kwa kuwa hauko bali kwa kuwa umekwisha kuzoeleka. Wiki ya mchezo hutokea timu ikavuka kwenda Unguja au Pemba, na viongozi wakisema wametafuta utulivu kila mtu hutabasamu. Timu ikiruka ukuta badala ya kupita mlangoni, hakuna anayeuliza. Na ile inayoitwa kwa staha kamati ya ufundi haihusiki na ufundi wa mpira. Ninachoweza kushuhudia ni kuwa waganga wa pande zote mbili wamepata kufungwa.

Tarehe 6 Mei 2012 Simba waliongeza ukurasa katika daftari kwa kuwafunga Yanga 5 kwa bila, na aibu ya siku ile ilizidishwa na jambo moja dogo: miongoni mwa wafungaji alikuwamo Juma Kaseja, mlinda mlango, aliyetoka golini kwake, akauvuka uwanja wote kwa mwendo wa taratibu, akapiga penalti, akarudi zake. Mwingine aliyefunga penalti siku ile ni Patrick Mafisango, kiungo aliyechezea Rwanda. Siku 11 baadaye, tarehe 17 Mei, Mafisango alifariki kwa ajali ya gari katika mji ule ule, na utani, uliokuwa umepamba moto kila kijiwe, ukakoma kwa muda wa msiba. Kisha ukaendelea pale ulipoachwa, na hapana aliyeona ajabu. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga walikwenda mapumzikoni wakiongoza 3 kwa bila, na waliokuwa wakiitazama luningani mtaani walikwisha kuanza kugawana soda za dau. Mchezo ulikwisha 3 kwa 3, na soda zikawa zimekwisha kunywewa.

Nikiulizwa ni nani aliyewahi kuutia dosari utani huu, sitamnyooshea kidole mpiga tarumbeta wa jukwaani wala mzee wa kijiweni. Nitazielekea meza za maofisini. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo uliotangazwa kuanza saa 11 jioni ulisogezwa, siku hiyo hiyo, hadi saa 1 usiku. Yanga, wakishika kanuni kwamba saa haibadilishwi bila taarifa ya siku nzima, waliingia uwanjani saa 11, wakapasha miili moto, wakasubiri, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya, nao wakapasha miili moto, wakasubiri, wakaondoka. Na maelfu ya watu waliolipa fedha yao, wengine wametoka mikoani kwa basi la usiku, walikaa katika Uwanja wa Mkapa wakaziona timu zote mbili bila kuuona mpira hata mmoja ukichezwa. Tarehe 8 Machi 2025 ikawa vivyo hivyo kwa sura nyingine: Simba walizuiwa mlangoni walipokwenda kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mchezo, wakatangaza hawatacheza, mchezo ukaahirishwa, na barua zikaandikwa nyingi kuliko pasi ambazo zingepigwa. Ulipochezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga walishinda 2 kwa bila. Mashabiki, waliokuwa wamekaa miezi mitatu wakitaniana kwa vifungu vya kanuni, jambo lisilo na ladha yoyote, walipumua kupata mabao ya kutaniania.

Hata kuhama, ambako kwingine kungemwaga damu, hapa kumekuwa sehemu ya mzaha. Haji Manara, mtoto wa yule Sunday aliyewalaza Simba Nyamagana, alikuwa kwa miaka kadhaa msemaji wa Simba, na ulimi wake uliwachoma Yanga kuliko washambuliaji wengi. Mwaka 2021 akahamia Yanga na ulimi ule ule. Walioudhika walikuwa wengi, na waliocheka walikuwa wengi zaidi, wakisema mtoto kaiona njia ya kwao.

Na daftari likaendelea. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwafunga Simba 5 kwa 1, Maxi Nzengeli akifunga mawili, na kwa miezi mingi mtu wa Jangwani hakuhitaji kusema neno. Aliinua mkono wazi, vidole vyote vitano, akaupunga kama anayesalimia, na aliyesalimiwa akageuza uso. Ndipo mahesabu yalipoanza. Msimbazi husema kuwa katika vipigo vikubwa vinne, wao wana 6 za mwaka 1977 na 5 za mwaka 2012, jumla 11. Jangwani wana 5 za mwaka 1968 na 5 za mwaka 2023, jumla 10. Na ukiongeza bao la Kibu Denis katika kile kipigo cha mwisho, Simba wana 12, kwa hiyo Yanga wanadaiwa mawili. Jangwani hujibu kuwa bao la Kibu Denis lilikuwa sadaka, na sadaka haiandikwi. Na kuhusu zile sita, moja aliifunga Selemani Sanga, ambaye alikuwa mchezaji wao halali, kwa hiyo bao lile ni mali ya Yanga lililopotea njia, na likirudishwa kwa mwenyewe hesabu huwa 10 kwa 10, hapana anayemdai mwenziwe. Msimbazi hawakubali: mtani akikupa kitu kwa mkono wake mwenyewe, wasema, hana haki ya kukidai.